Kitambaa cha Daftari la Kumi na Saba

Kabla hamjanipongeza kwa miaka niliyokaa maktabani Kivinje, fungueni kabati la wenyeji mhesabu madaftari. Mkimaliza, hesabuni tena. Mtapata arobaini na moja mara zote mbili. Msishukiane, hakuna aliyeiba. La arobaini na mbili najua lilipo, na ndilo linalonifanya niwaandikie, kwa sababu mahali lilipo hapaaminiki tena kama zamani.

Nianze na kabati lenyewe, maana wengine mmelikuta limesimama mkadhani lilikuja na jengo. Jengo waliliacha Wajerumani. Kabati limetoka kwenye kitanda cha Mwalimu Mbwana. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifundisha kazi, na siku moja alisimama katikati ya rafu akasema, "Somoe, vitabu vyote humu vimeandikwa na watu wasiotujua. Sisi wenyewe tuko wapi?" Nikamwambia tuko nje, tunauza samaki. Hakucheka. Kesho yake alileta mbao, na fundi alipouliza zimetoka wapi, ikajulikana kwamba Mama Salha, mkewe, analala chini kwenye mkeka. Alilala hivyo miezi miwili. Mkumbukeni Mama Salha, maana atarudi.

Kazi ilikuwa hivi. Tunakwenda kwa mtu, anasimulia, naandika kwenye daftari kubwa, kisha namsomea mwenyewe neno kwa neno mpaka aseme "hapo ndipo." Aliyejua kuchora alichora humohumo. Ndivyo tulivyopata historia za mitaa, ususi wa mikeka, dawa za watoto, ugomvi wa mipaka ya mashamba, na picha ya ng'ombe iliyochorwa na mzee wa Kiranjeranje ambaye, nikitazama ile picha, sidhani kama aliwahi kumwona ng'ombe kwa karibu.

Bure hakutoa mtu. Huyo mzee wa ng'ombe alitaka kwanza nimwandikie barua tano kwa wanawe. Tukabishana, nikamshusha hadi tatu, nikasimama mlangoni kama naondoka, akakubali mbili. Huo ni ufundi, jifunzeni: asiyeonyesha kwamba anaweza kuondoka hapewi kitu. Lakini bei ya hadithi mara nyingi haikuwa barua. Ilikuwa sharti. Mama mmoja wa mtaa wa sokoni alitupa mapishi ya samaki wake wa kupaka kwa sharti kwamba jirani yake asiyasome. Nikamuuliza, "Jirani yako anajua kusoma?" Akasema, "Hajui, ila anaweza kujifunza kwa ajili hiyo tu."

Masharti yakawa mengi, hivyo tukayafungia vitambaa. Daftari lenye kipande cha bafta nyeupe, asome yeyote. Lenye kaniki nyeusi, lisifunguliwe mpaka msimuliaji afariki. Kipande cha kanga nyekundu kilikuwa kimoja tu, na daftari lake lilikaa ndani ya droo, ufunguo shingoni mwangu.

Hilo ndilo la kumi na saba, la Bi Tausi.

Bi Tausi alikuwa kungwi wa unyago. Wasichana wote wa upande ule, na mama zao kabla yao, walipita mikononi mwake. Mwili mdogo, sauti ndogo, na sijawahi kuona mtu mzima, mwanamume au mwanamke, aliyemkatisha maneno. Mimi mwenyewe sikuchezwa kwake, nilichezwa kwa bibi yangu kule ndani, lakini nikipita mbele ya kibaraza chake nilikuwa nakaza kanga bila kujua kwa nini.

Alikuja maktabani peke yake, akafunga mlango wangu kwa mkono wake.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Umechezwa?"

"Nimechezwa."

"Nani alikuwa somo wako?"

Nikamtaja bibi. Akaniuliza mambo mawili ambayo sitayaandika hapa, nikayajibu. Ndipo akakaa. Akasema wenzake wawili aliokuwa akipiga nao ngoma wamekufa, na kwenye unyago uliopita alifika mahali, akafungua mdomo, wimbo haukuwapo.

"Niliuruka," akasema. "Wari hawakujua. Mimi nilijua. Nina nyimbo thelathini na mbili, sawa na meno. Meno nimeshatoa tisa."

Akataka niandike yote, na yeye achore yale yanayochorwa. Ilikuwa mara ya kwanza mambo ya unyago wake kutiwa wino, na alijua anafanya nini. Makungwi wengine wangejua, wasingemwacha ashike ngoma tena, wala mama yeyote asingempelekea binti.

Nikajaribu kupatana kidogo, ni mazoea. Nikasema maktaba ni mahali pa watu wote, pengine tuchague nyimbo chache zisizo na neno, ziwekwe wazi. Akanitazama mpaka nikasahau nilikuwa naongea nini.

"Atasoma aliyechezwa tu, mbele yako, bila kutoka nalo," akasema. "Nikisikia neno moja limevuka mlango huu, sitakugombeza, Somoe. Nitakuja nikae mbele ya meza yako nikutazame."

Nimetishiwa na watu wengi wenye mapanga na wenye vyeo. Lile la kutazamwa ndilo lililoingia tumboni.

Sasa niwaeleze kosa, mlisome polepole, maana kosa lenyewe lilikuja limevaa nguo safi.

Tuliambiwa wageni wanakuja kutoka wilayani kuona kabati. Madaftari yalikuwa yamechoka: mengine na alama za vikombe, mengine yananuka dagaa. Nikaenda dukani, nikabishana na muuzaji mpaka akanipa bunda la karatasi za kaki na gundi juu yake. Nikajiona mjanja. Nikatoa madaftari yote, pamoja na la droo, nikafungua vitambaa vyote nikavitia kwenye bakuli, nikayavalisha yote kaki. Arobaini na mawili, sare moja, kama wanafunzi siku ya kwanza. Nikayahesabu mara mbili. Yametimia. Namba za zamani zilikuwa juu ya majalada, nazo zikabaki chini ya kaki. Nikasema nitaziandika upya kesho, kwa leo navirudisha vitambaa kwa kumbukumbu, kwani nani anayajua madaftari haya kama mimi?

Nilihesabu madaftari mara mbili. Vitambaa sikukagua hata kimoja.

Wageni walikuja, wakasifu usafi, wakanywa soda, wakaondoka. Jumatano Mwalimu Mbwana akapita. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma kila Jumamosi baada ya alasiri: viti nje, spika imeelekea soko la samaki, anachagua daftari moja jeupe na kulisoma kwa watu. Wauza samaki walikuwa wanashusha sauti saa ile, na hao hawamshushii sauti mtu.

"Somoe, nipe la kuwachangamsha. Historia za mipaka zimewachosha."

Nikalitoa lenye bafta nyeupe, la mwisho mkono wa kulia, nikampa kwa mkono wangu huu. "Chukua mapishi, Mwalimu. Samaki wa kupaka. Yule jirani kahama, sharti limekwisha. Watarudi nyumbani na njaa."

Akalitia mkobani, akaenda Miteja kwenye shamba lake alikomtangulia mkewe, aje nalo Jumamosi.

Alhamisi asubuhi Bi Tausi akatuma salamu: Jumamosi atakuja, kuna wimbo mmoja nimeuandika kabla ya mwenzake, tuuweke sawa. Nikavua ufunguo nikafungua droo nihakikishe wino wa michoro haujapata unyevu. Kitambaa chekundu kipo. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Chukua nazi mbili, uzikune."

Nilisoma sentensi ile labda mara kumi. Nikafunua wa pili: tui zito liweke kando. Nikakaa sakafuni katikati ya rafu, mtu mzima, nikalikumbatia daftari la samaki, na kilichonijia kichwani ni sauti ya Mwalimu Mbwana ndani ya spika. Alikuwa na sauti nzuri. Ilikuwa inafika hadi kwenye majiko ya watu.

Nikampigia simu. Imezimwa. Mwalimu alikuwa na kawaida ya kuzima simu ili chaji isiishe, akiiwasha anapotaka yeye kupiga. Nikapiga tena, na tena, kana kwamba simu ingemwonea huruma mtu.

Nikatoka nikapanda bodaboda. Tumefika Nangurukuru kijana akageuza shingo.

"Mama, tunakimbizwa?"

"Tunakimbiza."

"Nani?"

"Samaki wa kupaka. Tazama mbele."

Hakuuliza tena. Kule Miteja nikakuta mlango wa Mwalimu una kufuli. Jirani akasema mume na mke wameitwa msibani kijiji cha ndani, pikipiki haifiki, na wakitoka huko watapanda gari moja kwa moja hadi Kivinje Jumamosi. Nikamuuliza, "Mwalimu alikuwa na mkoba?" Akasema, "Alikuwa nao. Jana jioni alikuwa anasomasoma kwa sauti hapa barazani, si unajua anavyofanya mazoezi."

Kwa sauti. Barazani. Nikamuuliza alisikia anasoma nini. Akasema yeye alikuwa anatwanga.

Njiani kurudi nilikuwa nahesabu miti ya pembeni ili nisifikiri. Haikusaidia. Ninyi mtasema, kwa nini hukwenda kwa Bi Tausi ukamwambia? Ndiyo. Nilifika hadi kibarazani kwake Ijumaa. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitika, akanikaribisha, nikasema nilikuwa napita tu. Akasema, "Hapa hapapitwi, Somoe. Njia inaishia hapa." Nikacheka, nikageuka. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Jumamosi nilifanya mambo ya kitoto. Spika yetu ilikuwa inatumia betri ya gari. Nikaichukua nikaificha chini ya meza, nikaifunika kwa gunia. Watu wakaja, viti vikajaa. Bi Tausi, ambaye hakuwahi kuhudhuria usomaji hata mara moja, akaja mapema, akaona hapafai kuongea ya kwetu mbele za watu, akasema atasubiri umalizike. Akakaa kiti cha mbele.

Mwalimu Mbwana akafika na kanzu yake nyeupe, Mama Salha nyuma yake. Nikamkimbilia.

"Mwalimu, betri imekufa. Tuahirishe."

"Nimefundisha madarasa ya watoto mia moja bila betri, Somoe. Kaa chini."

Nikamshika mkono. Mbele ya watu! Akautoa mkono wangu taratibu, akaenda mbele, akafungua mkoba, akalitoa daftari la kaki. Soko likanyamaza. Nikamwona Bi Tausi amelitazama lile daftari, kisha mimi, kisha daftari.

Mwalimu akalinyanyua juu watu waone. Lilikuwa limeshonwa. Pande zote tatu zinazofunguka, kwa uzi wa katani, mishono mikubwa ya gunia la korosho. Akaja akaliweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili.

"Bi Somoe," akasema kwa ile sauti yake, "mapishi yako haya, mke wangu kasema hayajaiva."

Watu wakacheka wasijue wanachocheka. Mwalimu akageuka, akawasimulia kwa kichwa jinsi alivyovunja kitanda chake kiwe kabati na hakulipwa hadi leo, na Mama Salha akiwa palepale akimsahihisha. "Miezi miwili!" "Mwezi mmoja na nusu, mama." "Mgongo wa nani ulihesabu, wako au wangu?" Walicheka mpaka wauza samaki wakaja na mizani mikononi. Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa nahesabu mishono.

Walipotawanyika Mwalimu akaninong'oneza mlangoni. "Nilisoma mistari miwili tu, naapa. Nilidhani ni utangulizi wa mapishi. Wa tatu nilikutana na mwiko." Akanionyesha kwenye utosi. Mama Salha alikuwa jikoni, akasikia, akatoka na mwiko wa ugali, akamnyang'anya daftari, akaomba shazia, ile sindano ya magunia, kwa jirani na kulishona kabla sufuria haijaungua. Hakumweleza mumewe neno. Na Mwalimu, ambaye kwa kawaida huuliza maswali hata kuku, hakuuliza.

Sasa ningeweza kunyamaza. Droo ipo, ufunguo upo, nyuzi ningezikata. Nilipogeuka ndani, Bi Tausi alikuwa amevuta kiti mbele ya meza yangu. Amekaa. Ananitazama.

Sijui alinitazama muda gani. Mwadhini aliadhini magharibi akiwa bado ananitazama. Mwishowe nikasema yote: kaki, bakuli la vitambaa, nazi mbili, mistari miwili ya Mwalimu, Ijumaa niliyopita kibarazani na uongo mfukoni. Alipitisha kidole juu ya uzi.

"Salha huyu ni mwali wangu," akasema. "Siku zile mshono wake ulikuwa mbaya. Umekuwa mzuri."

"Nisamehe, Bi Tausi."

"Uliandika kwa mkono wako nyimbo zote. Niimbie wa tano."

Nikafungua mdomo. Hakuna. Nikamwambia ngoja nikate uzi kidogo nichungulie.

"Unaona?" akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Umeweka kwenye karatasi, ukajipa ruhusa ya kusahau. Karatasi nayo ikavaa sare. Daftari nalichukua. Na wewe nakuchukua."

Nikajaribu kupatana. Siku mbili kwa juma, nikasema, nina kazi. Akasema saba. Nikasema tatu, na nyimbo zile kubwa tu. Akasema saba. Nikasimama kama naondoka. Akasema, "Ondoka." Nikakaa.

Tulianza korosho zinaanguka, tukamaliza mvua zimeanza. Kila siku baada ya alasiri, ndani kwake, mlango umerudishwa. Nikikosea neno tunaanza upya kutoka wa kwanza. Alinifanya nihesabu kwa vidole, kisha kwa vifundo vya vidole, kisha bila kitu. Siku niliyoziimba zote thelathini na mbili bila kukosa, aliniamuru nizirudie. Mara mbili. Nikazirudia. Akachukua daftari lililoshonwa, akalitia jikoni chini ya birika, michoro na yote, tukanywa chai yake. Ilikuwa na moshi. Akaniuliza imekaaje. Nikasema imeiva.

Kwenye orodha ya maktaba, mbele ya kumi na saba, nimeandika "lipo kwa mtunzaji." Msilifute. Wala msipange daftari jingine mahali pake.

Ninyi mna simu, na sizichukii. Zinakamata hata kikohozi cha msimuliaji, sisi tulikuwa tunakiacha. Lakini nawaona mnarusha sauti ya mtu kwenye makundi kabla hajamaliza kunywa maji. Ulizeni sharti kwanza, lifungeni kitambaa mnachojua wenyewe, na mkibadilisha chochote, hata kwa nia ya usafi, kagueni vitambaa kabla ya madaftari. Majani makavu ya mwarobaini yawekeni katikati ya kurasa kila kiangazi. Namba ziandikeni pia ndani. Hayo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu karatasi.

Bi Tausi alitangulia miaka iliyopita, Mungu amrehemu. Mama Salha anazijua nyimbo kumi na moja, tulizipima pamoja. Wengine waliokuwa wakijua zaidi wamekwenda. Kwa hiyo, mabinti zangu mliochezwa, daftari la kumi na saba ni huyu anayewaandikia, na kila asubuhi kabla ya chai nalikagua. Nazihesabu mara mbili, kama nilivyozoea, kimya, vidole vikiwa ndani ya kanga. Juzi zilitimia. Jana mara ya kwanza nilipata thelathini na mbili. Mara ya pili nilipata thelathini na moja. Nikakaa nikautafuta wimbo uliopungua, kuanzia mwanzo, kama alivyonifundisha, nikaukuta jioni, nimesimama sokoni na samaki mkononi, muuzaji ananiuliza kama nachukua au sichukui.

Sitaki barua wala chochote. Safari hii sipatani. Nyumba yangu mnaijua. Aje aliyechezwa, baada ya alasiri, siku saba kwa juma, masikio yake aje nayo na simu aiache kwao. Asingoje korosho zianguke.

Leo asubuhi nimehesabu mara moja tu. Ya pili nimeiogopa.